Kigari Nilichopewa na Seif

Watu wakisimulia mambo haya huanza na usiku wa manane, upepo na mbwa kubweka. Yangu yalinikuta alasiri, jua lingali juu, nimeshiba wali na kuku, akili zangu timamu na sijameza hata kidonge cha mafua. Nakwambia mapema kwa sababu najua utakachokitafuta. Utatafuta mahali pa kusema, "Huyu alichoka, akaota." Sikuota. Laiti ningeota, Seif angekuwa bado rafiki yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Miaka ile Doha ilikuwa kreni na mashimo kila upande, nami nilikuwa dereva wa nyumbani kwa familia moja ya Muaither. Nilikaa mulhaki, yaani kile chumba cha nyuma ya nyumba kubwa wanachopewa madereva na wapishi. Kazi yangu kupeleka watoto shule, kumpeleka madamu sokoni, na kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi hasa.

Seif alikuwa Mzanzibari, mhudumu wa hoteli moja kule Al Sadd. Tulijuana siku ya kwanza kabisa, uwanja wa ndege, kila mmoja na bahasha yake mkononi na hakuna aliyejua atokee mlango gani. Tangu hapo tukawa ndugu. Nilipopata tetekuwanga wenzangu wa chumbani walihama wote, Seif akaja na uji wa moto akanilisha kwa kijiko kama mtoto. Sasa niambie wewe, mtu kama huyo utamchunguza?

Akamposa dada yangu, Mwanaidi. Baba yetu alikwisha fariki na mwanamume kwetu nilibaki mimi peke yangu, kwa hiyo neno la kumuozesha lilikuwa langu. Nililitoa moyo mweupe. Lakini ndoa ikawa haifungwi. Kila ikikaribia Seif ana udhuru. Mara likizo imekataliwa, mara mgongo unamuuma, mara mama yake ameota vibaya. Mwanaidi alishona nguo za harusi, nguo zikambana, akazifumua akashona upya. Akanipigia simu akilia: "Kaka, huyu mtu ananitaka au ananichezea?" Nilimtetea rafiki yangu tu.

Seif alikuwa na kigari. Kifupi, chekundu, milango miwili ya mbele na mmoja wa nyuma wa kupandisha juu. Vile vigari vidogo vilivyotiwa injini kubwa kuliko umbo lake. Kilikuwa kizee tayari alipokinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi. Jua lilishakimaliza. Rangi imepauka, dashibodi imepasuka, mipira yote ya chini migumu kama biskuti, na kikipanda tuta kinalia kama kitanda cha kamba. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza. Ufundi nilijifunza gereji kabla ya kwenda ughaibuni, na mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa kazi ya maana.

Basi Ijumaa moja baada ya sala, Seif akaja nacho mpaka Muaither, akakiegesha chini ya turubai la uani, akanikabidhi ufunguo. "Chukua, yakhe. Wewe ndo fundi. Mie nakiua tu."

Nikadhani anatania. Akasema hatanii, ila nishike paa kwa mkono wa kulia na niseme: nimekipokea kwa radhi yangu, pamoja na vilivyomo. Nikacheka. "Kwani ndani mna nini zaidi ya mchanga?"

Hakucheka. "Sema tu, ndivyo kwetu tunavyopeana vitu."

Nikasema. Bati lilikuwa la moto, nikaondoa mkono haraka. Seif akashusha pumzi ndefu, akanishukuru mimi niliyepewa, akaenda zake kutafuta teksi. Hakutaka hata chai.

Baba, yaani mwenye nyumba, hakuwa na neno. Alinicheka tu, akaniruhusu kufanya kazi chini ya turubai siku zangu za mapumziko. Nikaanza. Vipuri nilivipata Sanaiya, kule kwa mafundi na magari mabovu. Nilibadili gasketi, hozi zote za maji, plagi, mkanda wa injini, bushi na shokapu. Siti ya nyuma niliitoa nikaiosha kwa sabuni na brashi mpaka maji yakawa meupe. Rangi niliisugua kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka ule wekundu ukarudi. Niamini, tangu nitoke kwetu sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Ila kulikuwa na jambo. Kigari kililala nyuma, upande wa kulia. Si sana, upana wa vidole viwili hivi. Nikasema springi imechoka, nikatia mpya. Kikalala vilevile. Nikabadilisha springi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kikalala kulia. Nikapima chesisi kwa kamba, imenyooka. Nikakipandisha jeki, nikakishusha, nikakaa chini na spana yangu nikikitazama. Fundi yeyote atakwambia, gari halilali upande bila sababu. Hiki kililala kama gari lenye mtu mzima amekaa nyuma.

Na ile siti niliyoiosha ilikuwa na bonde upande uleule. Nikilisawazisha kwa kiganja, nikirudi kutoka kuwachukua watoto nalikuta limerudi. Na kiyoyozi, ambacho kilikuwa kimekufa kabisa na bado sijakigusa, kilikuwa kinatoa harufu ya udi. Nikajiambia ni nyumba kubwa, wanafukiza. Mtu akitaka kudanganyika hakosi la kujiambia.

Siku ya kukijaribu ilifika. Hewa ilikuwa na vumbi, lile vumbi la Ghuba linalofanya jua liwe kama sahani. Nikashika njia ya Umm Salal, ambako siku zile barabara za mashambani zilikuwa tupu. Na kigari kikaenda, bwana! Nilikanyaga mafuta kikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikajikuta nacheka peke yangu.

"Kaza mwendo," sauti ikasema nyuma yangu. "Seif alikuwa akiogopa."

Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Unguja, tulivu.

Nikatazama kioo. Alikuwa amekaa upande wa kulia, amejitanda leso, mikono imekunjwa mapajani. Ungetaka nikwambie alikuwa na kwato au macho ya moto. Hakuwa navyo. Alikuwa na uso wa mwanamke wa kawaida, kama shangazi wa mtu, na alikuwa anatazama nje dirishani kama abiria yeyote. Hilo ndilo lililonikata maini.

Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Wewe nani?"

"Si ulinipokea?" Akageuka sasa, akanitazama kupitia kioo. "Na umenitengenezea vizuri. Siti umeniosha kwa mikono yako. Seif hakunifanyia hata mara moja."

Nilisoma nilichokikumbuka, na ulimi ukawa mzito nikachanganya aya. Injini ikazima yenyewe kando ya ukuta wa shamba. Nikaruka nje. Sasa elewa kigari chenyewe: aliyekaa nyuma hawezi kutoka mpaka siti ya mbele ikunjwe. Milango ilifungwa, siti haikukunjwa. Nikiwa nimesimama kwenye vumbi, nikakiona kigari kinainuka upande wa kulia. Polepole, springi ikilia, kama mtu mzito anavyoinuka. Kikasimama sawa, kwa mara ya kwanza tangu nikipate. Ndani hamna mtu.

Nikangoja mpaka moyo ukatulia. Ningefanya nini, nitembee jangwani? Nikaingia, nikakaa, nikafunga mlango. Na taratibu, nyuma yangu, kikalala tena.

Nilikwenda moja kwa moja Al Sadd. Seif alikuwa mlango wa wafanyakazi, nyuma ya hoteli, na sare yake, anavuta hewa. Kabla sijatoa salamu aliniuliza, "Amekuja?"

Neno hilo moja. Hakuniuliza nina nini, hakuniuliza mbona napumua hivi. Hapo ndipo nilipojua, na niamini, hofu yote ya barabarani ilikuwa ndogo mbele ya ile.

Akanieleza, macho yake kwenye viatu. Alirithishwa kiumbe huyo na bibi yake tangu mdogo. Ni rohani, jini mwenye wivu anayejihesabu mke. Kila mchumba aliyemkaribia Seif alipatwa na jambo. Mmoja aliamka hana sauti, mwingine alianguka ngazini. Ndiyo sababu ndoa ya Mwanaidi ilikuwa inapigwa kalenda. Mganga wao akamwambia hafukuzwi, hupokewa tu. Mtu ampokee kwa radhi, ndani ya kitu ambacho mwenyewe Seif anakipenda.

"Ningemuoaje dada yako nikiwa naye?" akasema. "Angemuua."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Nikautazama ufunguo mkononi.

"Basi ndo maana sikukwambia." Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua. Laiti angekuwa mtu mbaya.

Nikamuuliza namrudishaje. Akasema kwake harudi. "Mpe mwengine, kwa radhi yake. Wengi wanakipenda hicho kigari." Akalisema hilo kama anayenielekeza duka la oili.

Haukupita muda shehe wa Tanga akanipigia simu. Seif ameshafika, watu wamekusanyika, wananingoja mimi niliye walii nitoe idhini. Nilikuwa nimekaa kitandani mulhaki. Nyuma ya sauti ya shehe nilisikia vigelegele na mama yangu akicheka, na mtu akisema Mwanaidi amependeza. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema kwa nini. Lakini Seif sasa alikuwa safi. Mzigo wake ulikuwa kwangu, na Mwanaidi alikuwa amengoja ujana wake wote. Nikasema, "Nimekuwakilisha, shehe. Muozeshe." Nikakata simu, nikalia mpaka mpishi, Mganda mmoja mstaarabu, akaja kunigongea mlango kuuliza nani kafa kwetu.

Kigari kilikuwa kinang'ara. Kulikuwa na mlinzi wa jengo la jirani, Mkenya, akipita kila siku kukitazama. "Bro, niachie hiyo ndai," aliniambia. "Utakachotaka niseme, nitasema. Hata niape." Alikuwa na mke Kakamega na picha ya mtoto kwenye simu. Siku moja nilifungua kinywa nikitaka kumwambia ashike paa. Nikakifunga. Kesho yake nilikipeleka kigari kwa wanaokata vyuma chakavu, nikasimama mpaka mashine ikakibana kikawa kama mkate. Kazi yote ya mikono yangu niliyotia mle ikaenda na chuma.

Haikusaidia. Wiki ileile gari kubwa la baba likaanza kulala nyuma kulia. Alibadilisha springi, akalaumu kiwanda. Mimi nilikuwa namsikia yule mwanamke anavyokaa.

Hajanidhuru, niseme haki yake. Ila hakuna mwanamke anayedumu kwangu. Nilichumbia mara mbili niliporudi nyumbani. Wa kwanza aliugua, nikavunja uchumba mwenyewe asije akafa. Wa pili alikuwa mwalimu, mtu wa akili, hakuamini mambo haya. Alinirudishia pete akasema, "Wewe ni mtu mzuri. Lakini kila nikikaa karibu yako nahisi nimekalia nafasi ya mtu."

Sikukuu iliyopita nilikula kwa Mwanaidi. Ana watoto wazuri, ana nyumba, amenenepa kwa raha. Seif ndiye aliyeninawisha mikono. Hunifanyia hivyo kila niendapo, hamwachii mtu birika. Mwanaidi akaniwekea samaki, akaanza kama kawaida yake: "Kaka, oa bwana. Utazeeka peke yako, kwani una kasoro gani?" Seif akainamia sahani. Nikasema bado natafuta. Mwanaidi akacheka, akamgeukia mumewe: "Mwambie rafiki yako, wewe anakusikiliza." Seif akainuka akaenda kujaza birika.

Sijamwambia dada yangu, na wewe ukimjua usimwambie.

Ninachokuonya ni hiki. Wengine watakwambia umwogope mgeni wa njiani. Mimi nilipewa na aliyenilisha uji. Naye hakuwa mwovu. Alikuwa amechoka, tena alikuwa anapenda mtu. Mimi pia nachoka. Kuna mama mmoja jirani yangu, mjane, mpole, tumeanza kuzungumza vizuri, na kila akicheka nakumbuka maneno ya Seif kuhusu kumpa mtu mwingine mzigo huu. Mpaka sasa nimejizuia. Kesho siijui. Kwa hiyo sikia: siku ukiniona nimekuletea kitu kizuri, natabasamu, sitaki chochote ila neno lako tu, usiangalie kwamba tunajuana. Kikatae, uniache nimesimama hapo mlangoni.