Mpira Ndani ya Soksi

Miaka ya tisini ikikaribia kwisha, nilipata kazi katika ofisi ya bima hapa Maskati, na pamoja na meza na kiti nikapewa timu ya kriketi. Sikuiomba. Wenzangu wengi walitoka India na Pakistani, walicheza kila Ijumaa asubuhi kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya magereji ya mtaa wa Ghala, na wiki ile mmoja wao alikuwa likizo. Wakanitazama: kijana, mrefu, mabega mapana. Watu wanaolipwa kupima hatari kutwa nzima wakanichagua kwa mabega.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Unasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, unauzuia mpira usiviangushe. Aliyenirushia alikuwa mtunza stoo wa gereji moja, mzee mwenye kitambi, aliyekuja mbio kama mtu aliyesahau birika jikoni. Mpira ukadunda, ukanipita, vijiti vikalala chini. Gongo langu bado lilikuwa juu.

"Pigo zuri sana," nahodha wetu akaniambia. "Bahati mbaya mpira ulishapita."

Mtu mwenye haya angeacha. Mimi nikaamua kufanya mazoezi peke yangu, ili aibu ibaki nyumbani. Tulikuwa tunakaa Sib, mimi na mama yangu, wawili tu. Nikatia mpira ndani ya soksi, nikaifunga soksi kwa kamba, nikaining'iniza kwenye chuma cha tangi la maji uani. Kila jioni nikirudi kutoka kazini naupiga, unakwenda, unarudi palepale. Mpira mtiifu kuliko wote duniani.

"Na mimi nguo zangu nianike wapi?" mama akauliza. "Soksi moja imechukua ua zima."

"Nafanya mazoezi, mama."

"Nnaona. Soksi imeshakoma."

Baada ya soksi nikahamishia uani kioo cha kabati, nijione ninavyosimama. Nilipendeza, sikatai. Kisha binamu yangu akaniletea kutoka Dubai chombo cha kitaalamu: chuma cha kukita ardhini, na mpira uliofungwa kwa lastiki ndefu. Kwenye boksi palikuwa na picha ya Mzungu anayetabasamu, ana meno yote. Nikaupiga mpira kwa nguvu zangu zote. Lastiki ikavutika hadi ukutani, ikafikiri kidogo, ikaurudisha. Nikaelewa kwa nini yule Mzungu walimpiga picha kabla ya kuanza.

Ijumaa iliyofuata nikaenda Ghala na mdomo uliovimba na imani tele. Mtunza stoo akaja na mbio zake zilezile. Nikapiga pigo safi kabisa, mahali hasa ambapo soksi ingekuwepo. Mpira ulikuwa kwengine.

Mama alinipokea mlangoni. "Umepata ngapi?"

"Sufuri."

"Na ile mara ya kwanza?"

"Sufuri."

"Alhamdulillahi, hujarudi nyuma."

Kesho yake, baada ya alasiri, alinikuta tena kwenye soksi. Akasimama na kapu lake la nguo, akaangalia kwa muda.

"Mpira umeufunga kamba kama mbuzi," akasema. "Huko Ghala nani anakurushia mpira uliofungwa?"

Akaweka kapu chini, akaokota mpira wa tenisi uliokuwa chini ya ngazi, akajifunga kanga kiunoni. "Haya, simama hapo."

Nilijua kwamba utotoni Unguja alicheza rede, ule mchezo wa wasichana ambao wawili wanarusha mpira na wa katikati anakwepa. Nilichokuwa sijui ni kwamba watu walimwogopa. Mpira wa kwanza ulinipata sikioni.

"Huo ulikuwa wa kuupiga," akanieleza, kwa upole wa kuudhi.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila alasiri napigwa sikio, goti, ubavu, na mama mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anacheka mpaka anashika ukuta. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu marehemu baba alipotutoka. Polepole nikaacha kuangalia gongo, nikaanza kuangalia mkono wake, na siku moja nikaupiga mpira ukavuka ukuta. Mama akapiga kigelegele, jirani akadhani kuna harusi.

Huko Ghala nikapata alama, yaani mikimbio, kumi na moja. Nahodha alinikumbatia kama nimerudi kutoka vitani.

Mama akataka kuja kuona. Nikamwegeshea gari kando ya kiwanja, akashusha kioo. Nilikuwa na mikimbio minne, nacheza kwa maringo, nilipomwona mtunza stoo ameitwa dirishani. Mama akimwonyesha bega, akimwonyesha kiwiko, kwa Kihindi alichookota kwenye filamu na Kiarabu cha sokoni. Mzee yule akaitikia kwa kichwa, mara tatu, kwa adabu zote.

Akarudi. Safari hii hakuja mbio, alitembea. Mpira ukanipita chini ya gongo, na vijiti vitatu vikaanguka.

Kutoka garini nikasikia makofi. Mama alikuwa amejitokeza nusu nzima dirishani, anashangilia, na wala hakuwa ananitazama mimi.