Kitambaa Chochote Kwenye Mti

Watu wanaobeba bendera kwenye muziki nimewadharau kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya dharau hiyo bado ninayo. Kila kiangazi tunakuwa na tamasha la kwaya na bendi kwenye uwanja wa shule huku Chapwa, mchana kweupe, na wanakuja watu wa pande zote mbili za mpaka. Unawahi, unachagua mahali pazuri, unakaa. Bendi ikishapanda jukwaani, mbele yako anasimama kijana na mti mrefu kuliko mlango wa kanisa, na juu yake linapepea shuka la timu ya mpira. Timu yenyewe siku hiyo haichezi. Watu wanaimba kwa sauti nne, nawe unatazama nembo.

Mwaka mmoja nilimgusa bega kijana mwenye bendera ya rangi tatu nikamuuliza ni ya nchi gani. "Ya rege, mwalimu," akanijibu, na hakuona aibu hata kidogo. Mwingine alileta bendera ya kijiwe chao cha bodaboda, kana kwamba waimbaji walikuwa na shida ya usafiri. Wengine huleta bendera za taifa, ya kwetu na ya Zambia, wakashindana ipi ipande juu zaidi, na hapo nusu yao wana mashangazi upande wa pili, na jioni watakula ugali sinia moja. Kibaya zaidi, mbeba bendera hata jukwaa halitazami. Ameligeuzia mgongo, ameinua simu, anajipiga picha.

Niliingia kwenye kamati ya tamasha kwa kusudi hilo moja, kuzitoa bendera uwanjani. Nilikuwa nimestaafu kufundisha na nilikuwa na muda wa kuwasumbua watu. Tulikaa vikao vitatu kwenye darasa la tatu, watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Mjumbe mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinipinga tangu mwanzo.

"Mwalimu, bendera ni furaha ya watu," alisema. "Na mwingine ndiyo inamsaidia kuonana na wenzake. Uwanja ni mkubwa ule."

"Wenzake wana simu," nilimjibu. "Na furaha ina mdomo. Apige vigelegele."

Wakacheka. Nilikuwa hodari wa kuwachekesha watu kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwenyekiti wetu, mchungaji mpole aliyeogopa kila kitu chenye mhuri, alikuwa na wasiwasi wake. Nani atatia saini karatasi inayosema bendera ya taifa hairuhusiwi? Yeye ana familia. Na ndugu zetu wa ng'ambo wataionaje? Kikao cha pili chote kiliishia hapo. Kuhusu bendera za mdhamini, kampuni ya magodoro iliyotuletea spika, hakukuwa na mjadala wowote. "Zile ni matangazo," mwenyekiti alisema, na mimi niliyebishia mpaka rangi ya tiketi nikanyamaza kimya.

Kikao cha tatu nilikuja na sentensi yangu. Hairuhusiwi kuingia uwanjani na kitambaa chochote kilichofungwa kwenye mti. Neno bendera halimo. Taifa halimo. Hakuna wa kulaumiwa wala wa kuitwa ofisini. Mwenyekiti alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa vipimo vyake ni salama. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na nakiri kwamba nilirudi nyumbani nikaisoma sentensi ile mara kadhaa, nikijipongeza.

Sikumfikiria mama. Hilo ndilo ninalotaka kulisema hapa, mengine yote ni kuzunguka.

Mama anaishi Ikinga, kule Ileje. Mdogo wake, mama yangu mdogo, aliolewa Zambia tangu wakiwa wasichana, akawa mwimbaji wa kwaya ya kule, na mpaka uzee wake aliendelea kuimba. Mara moja kwa mwaka kwaya yao ilialikwa kwenye tamasha letu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya dada hawa wawili kuonana. Simu mama haipendi, anasema inamletea sauti ya mtu bila mtu mwenyewe. Kwaya ilikodi basi, na mpakani waliandikwa kwenye karatasi moja, waingie pamoja watoke pamoja, kwa hiyo wakimaliza kuimba walikuwa na nusu saa tu. Na mama mdogo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Rangi aliziona, sura hakuziona.

Ndiyo maana walikuwa na mpango wao. Walinunua kitenge kimoja cha rangi ya chungwa chenye kuku weusi, wakakikata katikati. Kipande kimoja mama mdogo alijifunga kichwani. Cha pili mama alikifunga kwenye mwanzi aliokata kwake Ikinga, na kila mwaka alikaa katikati ya umati amekiinua. Mama mdogo aliimba akikielekea. Wakimaliza alishuka jukwaani akakifuata kitambaa moja kwa moja, watu wakimpisha, mpaka kwenye mikono ya dada yake. Nilikuwa nimeliona jambo hili miaka yote kwa macho yangu. Nilipoandika sentensi yangu halikunijia kabisa, kwa sababu watu wa bendera walikuwa wale wengine, wajinga, na mama yangu hakuwa mjinga.

Siku ya tamasha nilisimama getini, beji kifuani. Mgambo tuliyemweka alikuwa kijana niliyemfundisha zamani, na aliisimamia sentensi yangu bila mzaha. Timu za mpira zikawekwa chini ukutani. Rege ikawekwa chini. Kisha akaanza kuchukua miavuli.

"Miavuli ya nini?" nilimuuliza.

"Ni kitambaa kwenye mti, mwalimu."

Mtu mwenye akili angesema miavuli ipite. Mimi nilisema sheria ni sheria, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na kwa sababu ningemruhusu mmoja wangekuja wa bendera na hoja zao. Jua lilikuwa kali na akina mama wakaanza kunisema kwa Kinyiha, wakidhani sisikii.

Hapo ndipo mama alipofika kutoka Vwawa, alikolala kwa dada yangu. Amevaa vizuri, mwanzi begani, kitenge kimepigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameshaimba?"

"Bado."

Mgambo alimwamkia kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi. Nyuma ya mama ilikuwa foleni ya watu niliowanyang'anya vitu vyao. Ningeweza kusema neno moja. Badala yake nilimfungulia mama fundo mwenyewe, nikampa kitenge mkononi, mwanzi nikauegemeza ukutani.

"Mwaka huu miti hairuhusiwi," nilimwambia. "Wewe kaa tu mahali pako pa siku zote. Wakimaliza nitamleta mama mdogo mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, akakubali, akaingia. Mama ni mfupi, na wale mbele yake wakamfunika.

Niliahidi nikimaanisha. Lakini akaja mwanamume mmoja, nguo zake za kikazi, akitaka kujua ni kifungu gani kinasema mwavuli una mti wakati wa kwake una chuma. Ilikuwa hoja nzuri. Nilimjibu kwamba mti ni kazi ya kitu, si malighafi yake. Akanijibu. Nikamjibu. Watu wakatuzunguka, wakacheka niliposhinda, na mimi nikaona raha, naapa niliona raha. Kwaya ya ng'ambo ilipotajwa kwenye spika niliisikia. Niliposhtuka walikuwa wameshamaliza.

Nilipofika jukwaani mama mdogo hayupo. Nikaenda kwa mama nikamkuta amesimama, kitenge amekiinua kwa mikono miwili.

"Hajanifikia," alisema.

Nilizunguka uwanja ule nikiita. Mwishowe nilifika kwenye hema la magodoro, ambako bendera za mdhamini zilikuwa zinapepea bila kuulizwa na mtu. Sikuwa nimewahi kuzitazama rangi. Zilikuwa za chungwa.

"Alikuwa hapa bibi mmoja amejifunga kilemba," msichana wa hemani aliniambia. "Alikuja moja kwa moja kutoka jukwaani. Akashika bendera yetu, akaipapasa, akauliza mwenye kitambaa hiki yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimpa karatasi ya bei, mwalimu. Akasema atasubiri. Amesimama pale karibu nusu saa, ndipo wenzake wakaja kumchukua, basi limejaa."

Nilikimbia mpaka barabarani, mzee mzima na beji yangu. Basi lilikuwa limeshaondoka kuelekea mpakani.

Kamati ilipokutana kufanya tathmini, mwenyekiti alinipongeza. Alisema safari hii kila mtu aliona jukwaa. Ni kweli, na bado naamini wenye bendera wengi ni wapuuzi. Mwaka uliofuata kwaya ilikuja bila mama mdogo. Miguu imekataa safari, walisema, na macho yamezima kabisa, hata rangi. Walimletea mama ujumbe wake nao ulikuwa mfupi: mwambieni dada nilimsubiri kwenye kitambaa chake, hakutokea.

Mama alikuwa amekuja na kitenge na mwanzi mpya, maana ule wa zamani ulipotea pale ukutani. Hakuna aliyemzuia. Sheria tulikuwa tumeifuta wenyewe kwa sababu ya miavuli. Alisikiliza ujumbe, akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kufungua fundo taratibu.

"Ile amri ya mwaka jana," aliniuliza, "aliiandika nani?"

"Kamati," nikasema.

"Hao wa kamati hawana mama?"

Nikamwambia sijui, nikaenda kumtafutia gari la Ileje.