Kizibo cha Difu

Nina hasira mpaka leo, na ninastahili kuimaliza juu yangu mwenyewe. Juzi nilipaswa kumpeleka shangazi yangu, Mama Ngoie, Luena na bidhaa alizozinunua kwa mtaji wake wote. Kabla hatujatoka Kamina nikaona matone mazito chini ya pikapu, penye difu ya magurudumu ya nyuma. Nikaamua kwamba kizibo cha kumwagia oili kimekufa.

Nikaenda kwa Papa Ramazani, muuza vipuri, nikachagua kipya kwa maringo, nikakifunga mwenyewe. Matone yakazidi. Nikakirudisha, nikachukua kingine. Yakazidi bado!

“Papa, unauzishaka bantu bintu bya bongo, bya kudanganya!” nikanguruma, soko zima likasikia.

“Mutoto yangu, kuya tuangalie,” akasema.

Tukaingia chini ya gari, nililokuwa nimeliegesha palepale sokoni. Nilikuwa bado namtukana, kidole kikielekea kwenye tone, Mama Ngoie, aliyekuwa kando ya pikapu akingoja safari, alipoinama, akalidaka, akaliramba.

“Weye!” akapiga yowe. “Hii njo mawese yangu!”

Juu yetu, kwenye sakafu ya pikapu yenye matundu, bidoni, dumu la mawese nililolipakia mimi, lilikuwa limelala ubavu, kifuniko hakikukazwa, na halikuwa na kitu.