Mmatengo Kwenye Miamba ya Mbuna

Mimi Mmatengo wa Mbuji, nimezaliwa mlimani kwenye kahawa, nikaolewa ziwani. Walinicheka tangu siku ya kwanza: "Mmatengo na maji wapi na wapi!" Haya. Miaka miwili baadaye nilikuwa navijua visiwa vya mbele ya Mbamba Bay kuliko nusu ya wanaume wao. Kila kisiwa kina mbuna wake, samaki wadogo wa kwenye miamba, hapa wa bluu, pale wa njano, nami nilizamia kuwaangalia tu, kwa raha zangu.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, akaja mfanyabiashara anayetafuta mbuna wazima, wa kupeleka Ulaya kuwekwa kwenye matangi ya vioo. Anataka wazamiaji. Nikasema kazi yangu hiyo! Shemeji, mdogo wa mume wangu, akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wewe baki ufukweni utupikie." Nikapanda mtumbwi wao hivyo hivyo. Nani angenishusha?

Masikio yangu ya mlimani yaliniuma kila nilipozama, nikadhani na samaki yanawauma. Kwa hiyo niliwatia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikawavuta kwa kamba kidogo kidogo: navuta, nasubiri, navuta tena. Ilichukua asubuhi nzima. Mtumbwi mzima ulinicheka. "Eti samaki ana masikio!"

Shemeji yeye aliibuka na wake mbio mbio. Wakaelea matumbo juu, yamevimba kama maputo. Haraka haraka haina baraka, lakini yeye alidhani wahenga walikuwa wanawaambia wengine.

Wangu walikuwa wanaogelea. Mfanyabiashara akasogea na mtumbwi wake, akainama kwenye kikapu. "Nani kawatoa hawa?"

"Mimi, bosi," akasema shemeji, bila hata kupepesa macho.

Hasira ilinipanda. Nikafungua mfuniko, nikawamwaga wote ziwani.

"Haya, shemeji. Wafuate uwalete tena."

Akazama, maana angefanyaje? Akaibuka na watatu, matumbo juu. Hakuna aliyecheka. Mimi nikashuka na kikapu changu, tukakaa pale mpaka jua la mchana likatuunguza wote, nikaleta wanne wazima.

Mfanyabiashara akatoa kalamu na orodha yake ya wazamiaji.

"Mama, mumeo anaitwa nani, nimwandike?"

"Mume wangu yuko shambani anapalilia mihogo," nikamwambia. "Aliyelowa ni mimi. Andika jina langu."