Kaburi Tuliloliondoa Kwenye Video

Siku moja hunirudia, mwanangu, kila ninapoletewa video kama hii yako ambayo bado haijasafishwa. Unasema wenzako wameitazama, huyu akasema ndefu, yule akasema inatia huzuni, mwingine akauliza kama ni ya harusi, na sasa hujui ukate wapi. Basi kaa nikusimulie. Chai imimine mwenyewe, mgongo wangu leo haunitii.

Nilikuwa na umri kama wako, nasoma chuo Iringa. Rafiki yangu aliitwa Atupele, Mnyakyusa wa Mbeya, mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha unachofanya. Mimi, Mhehe wa Ilula, kuimba sikujua, nilijua kamera. Tulipotakiwa kutengeneza video ya wimbo kwa ajili ya mtihani, Atupele alitunga wimbo wa kaka yake, Lusajo. Huyo alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye simu zikakoma. Ndugu walikwenda kumtafuta, wakarudi na maneno tofauti. Mmoja aliambiwa kahamia machimbo mengine, mwingine aliambiwa hakuna anayemfahamu.

Wimbo ulimwita arudi nyumbani. Lakini siku ya kupiga picha Atupele akataka tuweke kaburi. Tukalundika udongo nyuma ya bweni, akapiga magoti, akaweka maua. Nikamuuliza, "Kwani alikufa?" Akaniambia, "Wewe piga picha." Nikapiga.

Tulipoionyesha darasani, ikiwa bado haijakamilika, watu walichanganyikiwa. Mmoja aliuliza kama anayeitwa ni mzimu. Mwingine alitaka tuongeze maandishi. Mwalimu wetu alisema tupunguze kaburi, na siku nyingine akasema kaburi ndilo pekee linaloeleweka. Nikakata, nikarudisha, nikaweka sauti ya mvua, nikaitoa. Kila nikigusa, inaharibika zaidi. Nilifika mahali nikawa naitazama tu, sijui hata ninatazama kitu gani.

Likizo ilipofika, Atupele akasema twende kwao Uyole tukapige picha za mama yake, huenda zikatusaidia. Mama yule alinipokea vizuri sana. "Kamwene, mgeni wetu," alinisalimia kwa Kihehe, akajicheka mwenyewe kwa jinsi alivyolitamka. Ndizi na maharage vilipoiva, akatupakulia. Kisha akapakua sahani nyingine, akaifunika, akaiweka kabatini. Sikuuliza ni ya nani.

Baada ya kula akasema, "Hebu nionyesheni hicho mnachosomea."

Nilimtazama Atupele, naye akainamisha kichwa. Nikafungua kompyuta.

Mama alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Huyu mliyemzika ni nani?"

Atupele akajibu, "Lusajo."

"Nani amekuletea habari?"

"Hakuna, mama."

"Sasa umemzikaje?"

Atupele akaanza kulia. "Mama, nimechoka. Kila siku chakula chake kinafunikwa, asubuhi wanapewa kuku. Simu ikilia, sote tunanyamaza. Kama amekufa, angalau nitajua nifanye nini."

Nilidhani mama atamfokea. Alivuta kitenge chake mabegani, halafu akasema, "Kuchoka ni kwako, na mimi nakuelewa. Hata mimi nachoka. Basi imba kwamba umechoka. Lakini usiseme amekufa, hilo hulijui. Wala mimi sijui kama yu hai. Mimi napakua tu."

Hapo ndipo mimi nilipochanganyikiwa kabisa, mwanangu. Nilikuwa nimedhani mama ana uhakika kwamba mwanawe yu hai, na kwamba Atupele ana uhakika amekufa, kazi yangu ni kuchagua mmoja. Kumbe hakuna aliyejua. Siku nzima nilizunguka na kamera shingoni, sina cha kupiga.

Kesho yake tulilitoa kaburi lote. Atupele akamwomba mama yake ruhusa, akatoa sahani ya kaka yake kabatini, akakaa nayo mezani, akaanza kula. Alikula polepole, machozi yanashuka. Katikati ya kula, mama akavuta kiti, akanyoosha mkono, akamega kwenye sahani ileile. Hilo hatukulipanga. Nilisogea karibu bila kuizima kamera, na ukiitazama video utaona inavyotikisika. Sikuirekebisha.

Tulipoirudisha darasani, mwalimu alisema, "Mwisho hauelezi kama kaka yupo au hayupo."

"Ni kweli, mwalimu," Atupele akajibu. "Hatujui."

Hakuna aliyeuliza tena habari za mzimu. Na Lusajo, mpaka leo hajaonekana. Nikiongea na Atupele simzungumzii, maana najua siku akipata habari ataniambia.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wakichanganyikiwa na kazi yako, usikimbilie kuongeza vitu. Kaa peke yako uitazame picha moja moja, ujiulize: hili nalijua, au nimeliweka ili nisionekane sijui? Usilolijua litoe, hata kama ndilo picha nzuri kuliko zote. Halafu mpelekee mwenye jambo kabla hujawapelekea walimu, umsikilize, hata akisema usichokitaka. Na kama jambo lenyewe halijaisha, usilimalizie kwenye video. Huo wimbo wako unamwimbia bibi yako, lakini nimekusikiliza muda wote huu hujasema kama yeye ameshaiona video yenyewe. Anza kwake.

Mungu akupe subira na mambo usiyoyaelewa, aihifadhi mikono yako na kazi yake, na wote unaowaimba akukutanishe nao wakiwa wazima. Nenda, mwanangu, bibi yako asije akalala kabla hujafika.