Mpunga katika Shamba la Pamba

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya teritwari, hapa Uvira. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Sange. Alikuwa amepanda mpunga katika shamba la pamba la Mzungu aliyekimbilia Usumbura tulipopata uhuru, na sasa Mzungu ameandika barua akitaka mama afungwe.

Karani aliisoma yote, kisha akaigonga kwa kidole. “Mama, shamba iko yake. Karatasi iko hapa.”

“Minye sikatae,” mama alijibu kwa upole, akikaza kitenge chake. “Udongo iko yake. Lakini watoto walikuwa na njaa, na pamba haikuliwe.”

“Na ule mupunga iko wapi?”

“Tulishavuna. Muke yako mwenyewe alikuja kuununua mu soko.”

Foleni nzima ilicheka, karani naye akashindwa kujizuia. Akachukua kalamu, akaandika jibu huku akilisoma kwa sauti: “Bwana, shamba lako ni zima. Tunakulimia lisiote nyasi.”

Miaka yote nimeona pamba ya bonde ikipakiwa melini Kalundu, wala sijaona chakula kikishuka badala yake. Wakubwa wakibishana nani mwenye ardhi, naomba waulize kwanza nani atakula.