Sahani ya Mama Njeru

Shilingi elfu sitini na nane, mia nne na hamsini. Hizo ndizo harusi ya dada yangu Wanja ilizogharimu, nyumbani kwetu karibu na Manyatta, na hatukukopa hata ndururu. Nimejumlisha tena kabla ya kuandika haya. Bado ni hizo hizo. Nilikuwa darasa la sita, na juma lile lote boma lilinuka utomvu wa ndizi mbichi na moshi wa kuni za miti ya kahawa. Baba alikuwa amemwona jirani akiuza shamba kulipia harusi ya mwanawe, akaapa kwamba yeye atakula kwa kiasi cha mfuko wake. Kwa kuwa nilikuwa na mdomo, alinichukua sokoni. Muuza mchele alinisikiliza, akamgeukia Baba: "Baba Wanja, huyu ni mtoto ama ni wakili?" Alipunguza bei. Nikaomba mfuko pia, wa bure.

Wazo la kadi lilikuwa langu. Nilikata madaftari ya zamani, nikapiga muhuri kwa nusu ya kiazi kilichochovywa kwenye wino, kadi mia mbili, kila mgeni moja, kila kadi sahani moja. Nilizihesabu mara mbili. Walionitoka akilini ni akina mama wa kikundi cha Mama cha kupikiana harusini, waliokuwa wakimenya viazi na ndizi za kuponda mukimo tangu Alhamisi bila malipo. Kwetu mpishi hula mwisho, kisha hufungiwa chakula cha watoto wake. Nilijua hivyo. Lakini siku hiyo nilikuwa nimesimama kando ya sufuria nikijiona mkubwa, na Mama Njeru, kiongozi wao, alipofika na sahani, nilinyoosha mkono.

"Kadi iko wapi?"

Alicheka. "Kadi gani, Wawira? Si hii chakula nimepika mimi!"

"Sahani zimehesabiwa, Mama Njeru."

Nyuma yake mwenzake akasema, "Mwache mtoto afanye kazi ya baba yake. Sisi twende tukapike kwetu." Mama Njeru alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. Mama alikuwa akiwaaga wakwe waliotoka Kaaga. Aliporudi jikoni, alikuta moto tu. Jioni Baba alinisifu mbele ya watu: hatudaiwi na mtu. Sufuria mbili za mukimo zilibaki. Jumatatu zilikuwa zimechacha, tukawamwagia nguruwe.

Mama alikwenda kuomba msamaha, akaambiwa hakuna neno. Aliendelea kumenya viazi kwa wenzake, harusi baada ya harusi. Kaka yangu alipooa, wale akina mama walikuja wakiwa wamevaa vizuri, wakaketi pamoja na wageni. Mama alipika na shangazi wawili, mikono ikamvimba. Afadhali angenipiga.

Sasa naishi mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, na binti yangu anaolewa Desemba. Kampuni ya mapishi imenitajia bei ya kunitia deni. Nimeikataa, na pesa nilizo nazo zinatosha wapishi wa nyumbani. Mama, ambaye sasa hatembei mbali, ana ombi moja tu: kikundi chake kipike. Mama Njeru bado yuko hai. Nimefika langoni kwake mara mbili nikiwa na sukari na leso, nikageuka. Nyinyi mliowahi kumnyima mtu chakula alichokipika kwa mikono yake, niambieni: mliingia mkasema nini kwanza?